Hodi, dubu: siku tatu kando ya mto Teklanika

Baba yangu alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Akitoka nyumbani kwetu Mwatate giza likishaingia, akienda kulala kwenye dungu kulinda mahindi, alikohoa kila baada ya hatua chache, na kifua chake kizima kabisa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni tumbaku. Siku niliyomuuliza alinijibu, "Tembo hapendi kushtuliwa. Mwambie unakuja, atakupisha."

Kikohozi kile kilinirudia mwezi wa Agosti 2023, mahali pasipo na tembo wala mahindi: Hifadhi ya Taifa ya Denali, katikati ya Alaska, latitudo 63 kaskazini mwa ikweta. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu Anchorage. Nafanya kazi zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na watu wa nyumbani wakinipigia simu huuliza jambo moja tu, baridi. Baridi ipo, nimeshaiandika sana hapa. Leo nataka kuandika juu ya kiangazi, na juu ya kutembea kwa miguu kwenye nchi yenye wanyama wake.

Tulikuwa watatu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 16 wakati ule, alizaliwa Voi lakini hana kumbukumbu yoyote ya huko. Wa tatu ni rafiki yangu kutoka Uvira, Kongo, tuliyejuana kanisani. Ananizidi nguvu na namzidi umri, kwa hiyo huniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao.

Kutoka Anchorage hadi lango la hifadhi ni kilomita kama 380, barabara ya lami mwanzo hadi mwisho. Tulifika saa nne asubuhi, tukaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya vibali. Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti na kwetu. Mimi nimekulia kwenye mpaka wa Tsavo. Nilienda shule nikiona vumbi la tembo kwa mbali, tumelala njaa mwaka ambao waliingia shambani mara mbili, lakini kupita kwenye geti la Tsavo kama mtalii nilikuja kupita nikiwa mtu mzima mwenye mshahara. Na ukishaingia, hushuki kwenye gari. Denali ina kilomita za mraba zaidi ya 24,000, inaizidi kidogo Tsavo Mashariki na Magharibi zikiunganishwa, na hapo wanakwambia: shuka, tembea, lala popote, mradi uwe na kibali. Kibali cha kulala porini hakina malipo yake. Nilimuuliza renja mara mbili kama nimesikia vizuri.

Bure hiyo ina masharti yake lakini, na masharti yenyewe niliyapenda. Hifadhi imegawanywa vipande 87, na vingi katika vile vinavyopendwa vina idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala kwa usiku mmoja. Unaonyeshwa filamu ya mafunzo kwanza. Kisha renja, msichana mdogo mwenye mikono iliyokauka kama ya mkulima, akatuchorea pembetatu kwenye karatasi: hema pembe hii, pa kupikia pembe ile, pa kuweka chakula pembe ya tatu, na kati ya pembe na pembe mita 90. Dubu akivutwa na harufu ya chakula asikute mtu amelala juu yake. Chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kinakaa ndani ya kopo gumu ambalo dubu hawezi kulivunja wala kulifungua. Tuliazimwa mawili. Kifuniko chake kinazungushwa kwa sarafu, na sarafu niliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa shilingi kumi ya Kenya, ambayo nimeitunza tangu siku niliyopanda ndege. Ndiyo iliyotufungulia kila mlo kwa siku tatu.

Rafiki yangu alikuwa amefungasha ndagala, dagaa wa kwao. Kwa mtu wa Ziwa Tanganyika, safari bila ndagala ni adhabu. Renja hakujua ndagala ni nini, lakini alipofungua mfuko akanusa, akatikisa kichwa kwa upole, na mfuko ule ukabaki kwenye gari umefungwa mara tatu. Tukaingia na unga wa ugali, maharage makavu, njugu, na chapati nilizopika usiku wa kuamkia safari.

Denali ina barabara moja tu, ya kilomita 148. Gari lako mwenyewe linaishia kilomita ya 24, kwenye mto Savage, na kuanzia hapo unapanda basi la hifadhi. Tangu Agosti 2021 hata basi lilikuwa halifiki mwisho, kwa sababu mlima uliteleza ukaibeba barabara, hivyo safari iliishia karibu na kilomita ya 69. Kwangu hilo lilikuwa neema. Watu walikuwa wachache na basi lilikwenda taratibu. Abiria yeyote akiona mnyama anapaza sauti na dereva anasimama. Hivyo ndivyo tulivyowaona kondoo wa mwitu, weupe kama pamba, wamepangana kwenye mteremko ambao mimi nisingeupanda kwa kamba. Kondoo hao ndio chanzo cha hifadhi yenyewe. Charles Sheldon, mwindaji aliyekaa huku majira ya baridi ya 1907 hadi 1908, aliona wanavyomalizwa kwa bunduki ili kulisha wachimba dhahabu, akapigania eneo lilindwe, na mwaka 1917 likalindwa.

Kwenye basi aliketi nasi mzee mmoja mwenye darubini shingoni. Aliposikia Kiswahili akauliza ni lugha gani, na nilipotaja Kenya akashika mkono wangu kwa mikono miwili. Nilidhani aliwahi kuishi Nairobi. La, hajawahi kufika Afrika. Alitaka kuniambia habari za ndege. Kuna ndege mdogo huku, mgongo wa kijivu, kiuno cheupe, mstari mweusi kama wanja kwenye jicho. Kisayansi anaitwa Oenanthe oenanthe. Uzito wake ni gramu 25 hivi, vijiko viwili vikubwa vya sukari. Anazaa kwenye mawe ya Alaska wakati wa kiangazi, na baridi ikinusa tu anaondoka kuelekea magharibi, anavuka bahari hadi Siberia, anaikata Asia yote na Arabuni, anaenda kukaa Sudan, Uganda na Kenya. Watafiti waliwafunga vifaa vidogo mgongoni, na mwaka 2012 wakatangaza walichokiona: kilomita kama 14,500 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. "Wiki hizi ndizo wanaondoka," mzee akasema. "Watafika kwenu kabla yako."

Mimi nina miaka minane sijarudi nyumbani. Sikumjibu kitu. Binti yangu akaniwekea kichwa begani.

Tulishuka baada ya daraja la mto Teklanika. Basi likaondoka, vumbi likatua, na kimya kikatuangukia. Hakuna njia. Hili ni gumu kumweleza mtu ambaye hajaliona. Hakuna kibao, hakuna alama kwenye jiwe, hakuna hata njia ya mbuzi. Mnatembea mmeachana, kila mtu na mkondo wake, ili nyayo zenu zisifanye njia. Ukanda wa mto ni kokoto tupu, na mto umejigawa vijito vingi kama nywele zilizofumuliwa. Pembeni kuna tundra, mimea mifupi ya nchi za baridi, ambayo kwa macho ni zulia na kwa miguu ni godoro lililoloa. Katikati ya Agosti ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Na kati ya mto na tundra kuna mierebi mifupi, vichaka vya kufika kifuani, mahali pengine kupita kichwa. Humo ndimo huoni mita tano mbele.

Renja alituambia tukifika penye vichaka tupige kelele, yoyote ile, mradi iwe sauti ya binadamu, kwa maana dubu mwingi wa madhara ni dubu aliyeshtuliwa. Watu wa hapa humwita dubu kwa jina lake, wengine hupiga makofi, wengine huimba. Mimi sikuhitaji kutunga. Nilipofika kwenye kichaka cha kwanza neno lilinitoka lenyewe.

"Hodi!"

Rafiki yangu akaitikia nyuma yangu, "Hodi hapa!" Binti yangu aliona aibu kwa dakika mbili tatu, kisha na yeye akaanza, kwa Kiswahili chake cha Anchorage: "Hodi, hodi, wenyewe mko?" Tukaenda hivyo mchana kutwa. Hodi si kelele. Ukipiga hodi unakiri kuwa pana mwenyewe, kwamba mlango si wako, na kwamba ukiambiwa subiri utasubiri. Nilikuwa nimeishi Alaska miaka kumi na moja nikiliona pori lao kama kitu cha kutazama kupitia dirishani. Nilipolipigia hodi, ndipo nilipoanza kutembea kama mtu anayejua alipo.

Jioni ile tuliitikiwa. Tulikuwa tumekaa kwenye kokoto tunakunywa chai, wakatokea wanyama wanane kutoka kwenye kingo ya juu, pembe zikiwa na manyoya laini yanayoning'inia vipande vipande kama nguo kuukuu. Ni jamii ya kulungu wa baridi, na jina lao kwa Kiingereza linatamkwa karibuu. Kila Mswahili anayelisikia mara ya kwanza hutabasamu. Limetoka kwa Wami'kmaq, wenyeji wa mashariki ya Kanada, na kwao maana yake ni yule anayekwangua theluji kutafuta malisho. Wakipiga hatua unasikia tiki, tiki, tiki. Ni mishipa ya miguuni inayoteleza juu ya mfupa, na sauti hiyo huwasaidia kujuana wakiwa kundini. Wanane wale walipita mbele yetu wakitikitika, wakaingia mtoni bila kusimama, wakatoka ng'ambo, wakajikung'uta maji. Rafiki yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Yaya," akanong'ona, "umebisha hodi toka asubuhi. Sasa wamesema karibu."

Jua lilizama kama saa nne usiku. Tulipika ugali kwenye jiko la gesi, upepo ukitusumbua, tukala umbali wa mita 90 kutoka hemani kama tulivyoelekezwa, tukatupa macho kila upande kama watu wanaokula kwa wizi. Usiku maji ya mto yalikuwa yanavuma, na chini ya mvumo ule ulisikika mlio mwingine, mzito, wa kugonganagongana. Ni mawe yanayoviringishwa chini ya maji. Sikuwahi kusikia mto unaotembeza mawe yake usiku kucha.

Mto huo hauvukwi alasiri. Maji yake yanatoka kwenye barafu za milimani, jua likipiga mchana barafu inayeyuka na mto unavimba, usiku ukiwa baridi mto unapungua. Mwaka 1992, kaskazini ya hapo, nje ya hifadhi, kijana aitwaye Chris McCandless aliuvuka Teklanika mwezi wa Aprili maji yakiwa kidogo, akataka kurudi Julai akakuta umefura, akageuka nyuma, na mwezi uliofuata akafa. Nilimsimulia binti yangu kisa hicho makusudi. Tulivuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pale mto ulipotawanyika zaidi, buti miguuni, mikanda ya mabegi imefunguliwa ili mtu akianguka aliachie begi. Tulishikana mabega watatu kama watoto wa shule. Maji ni rangi ya saruji iliyokorogwa, huoni unapokanyaga. Yalinifika juu ya goti. Baridi yake haikuja kama baridi, ilikuja kama maumivu, na tulipotoka ng'ambo nilikuwa sijui kama vidole vyangu vipo.

Sasa dubu.

Ilikuwa saa tano hivi. Tulikuwa tunafuata kijito kinachoingia mtoni kutoka upande wa mashariki. Mierebi ilikuwa imetubana. Binti yangu alikuwa amechoka, malengelenge yamempata kisiginoni, na kutembea kwake kulikuwa kwa kukasirika. Mimi nilikuwa nafikiria lile lengelenge, kama lina plasta ya kutosha. Dakika kama ishirini hakuna aliyefungua mdomo. Kijito kilikuwa kinapiga kelele. Upepo ulikuwa unatupiga usoni.

Nilisikia kwanza. Mlio wa majani yanayochanwa, kama ng'ombe anapong'oa nyasi kwa ulimi, na pumzi nzito katikati. Nikasimama. Kichaka kiliishia hatua mbili mbele yangu, na baada yake palikuwa na uwazi wenye vimatunda vyekundu, vile vidogo vichungu ambavyo dubu wa huku hujinenepeshea kabla ya kulala miezi ya baridi. Alikuwa humo. Hatua sitini, labda pungufu. Sheria inasema usimkaribie ndani ya mita 275.

Nilikuwa nimetarajia mnyama mweusi, au wa kahawia. Huyu alikuwa rangi ya nyasi za Tsavo mwezi wa Septemba. Nundu ya begani ilikuwa inapanda na kushuka kila alipovuta tawi. Upepo ulikuwa unayapitia manyoya yake na kuyalaza, ukayalaza tena, kama unavyofanya kwenye shamba la ngano. Alikuwa anaingiza tawi mdomoni kwa pembeni, analivuta, na matunda yanabaki ndani. Kazi ya midomo laini kabisa, ya mtu anayechambua mboga. Kucha zake zilikuwa ndefu kama vidole vyangu.

Nilijua kwamba hajui tupo. Nilijua pia kosa ni langu.

Binti yangu alinigonga mgongoni kwa begi lake, akatazama, na mwili wake wote ukageuka kukimbia. Rafiki yangu akamshika mkono. "Usikimbie, mwana. Usikimbie." Kwa muusi, yule kulungu mkubwa mwenye miguu kama vigingi, tunafundishwa kukimbia na kujificha nyuma ya mti. Kwa dubu kukimbia ni kumwita. Nilitoa mkebe wa dawa ya pilipili kiunoni, nikaondoa kizuizi chake, na mkono ulikuwa unatetemeka hata nikaona haya. Halafu nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ile ninayotumia usiku kazini nikiingia chumba cha mzee aliyelala.

"Hodi. Hodi, baba. Ni sisi. Tunapita tu."

Alisimama kwa miguu miwili. Renja alikuwa ametuambia kwamba akisimama hivyo anataka kuona na kunusa vizuri, si tishio. Kulijua jambo hilo na kulitazama ni vitu viwili. Mikono yake ilikuwa imelegea mbele ya kifua, pua inatafuta upepo kushoto na kulia, na tunda moja jekundu limeganda kwenye mdomo wa chini. Nililitazama lile tunda. Sijui ni kwa nini, nilishindwa kutazama kitu kingine. Niliendelea kuongea, nikamwambia tumetoka mbali, nikamwambia samahani, tukirudi nyuma kinyumenyume hatua kwa hatua, watatu tumebanana ili tuonekane kitu kimoja kikubwa.

Akashuka. Akatoa pumzi kwa nguvu, hufff, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Akatugeuzia ubavu, akala tawi moja zaidi, kisha akapanda mteremko bila haraka, na kule juu mara moja tu akageuza kichwa.

Tulirudi hadi kwenye kokoto za mto na tukatembea karibu kilomita mbili kabla ya mtu yeyote kusema. Binti yangu ndiye aliyeanza. Alipaza sauti, katikati ya uwanda mtupu ambako hata kindi ungemwona umbali wa nusu kilomita: "Hodi!" Kisha akaketi juu ya begi akalia, na sisi tukaketi naye.

Usiku wa pili hatukulala sana. Rafiki yangu aliimba tenzi za kwao, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya chini, na sikumwomba anyamaze. Alfajiri nilitoka hemani, baridi imeweka unga mweupe juu ya kila jiwe. Juu ya jiwe moja karibu na makopo ya chakula alikuwapo ndege mdogo, anainamainama, na aliporuka nikaona kiuno cheupe. Alikwenda chini chini juu ya kokoto, akatua, akaruka tena, upande wa magharibi.

Mto tuliuvuka saa kumi na mbili. Basi la kwanza kurudi lilitukuta barabarani kabla ya saa nne. Mlima wenyewe, ule wa mita 6,190, ulijitokeza kwa dakika kama kumi tulipokaribia kutoka, ukafunikwa. Wakoyukon, wenyeji wa huku, waliuita Denali, ulio juu. Serikali iliuita McKinley kwa miaka mingi, mwaka 2015 ikaurudishia jina lake, Januari 2025 ikaliondoa tena. Mimi naendelea kuuita kama wenyewe walivyouita.

Jumapili nilimpigia baba. Siku hizi hasikii vizuri, mdogo wangu humshikia simu. Nilimsimulia yote, hatua sitini, nundu, tunda kwenye mdomo. Nilisubiri aniulize kama niliogopa, au huyo dubu ni mkubwa kiasi gani. Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika.

"Upepo ulikuwa unatoka wapi?"

"Ulikuwa unatupiga usoni, baba."

"Na mlikuwa mmenyamaza."

"Tulikuwa tumenyamaza."

Nikamsikia akishusha pumzi. Kisha, kule Mwatate, akiwa ameketi barazani mchana kweupe, akakohoa mara mbili, taratibu, kama zamani. "Hivyo," akasema. "Mfundishe mtoto."